Gari la spoti la kujijengea: kazi inayobaki injini ikishawaka

Mtu anayejijengea gari nyumbani husambaza video siku injini inapowaka kwa mara ya kwanza, na wote humpa hongera kana kwamba amemaliza. Kazi yangu mimi, hapa Uingereza, huanza siku hiyo. Naletewa magari yaliyosimama: chesisi imechomelewa vizuri, bodi ina rangi, injini inanguruma, na bado gari haliwezi kutoka getini. Mengine yamefunikwa turubai kwa miaka. Kilichobaki hakivutii kwenye picha. Ni mkazo wa nati, upepo uliojificha kwenye breki, kilo zinazolalia gurudumu moja kuliko jingine, na ncha ndogo ya chuma ambayo mkaguzi wa serikali, anayeliidhinisha gari kabla halijaingia barabarani, ataipitishia kidole. Nitaeleza kazi hiyo kwa mpangilio ninaoufuata, kwa sababu anayeuvuruga hurudia kazi ileile mara mbili, au huingia barabarani na gari ambalo halina uhakika wa kusimama.

Nazungumzia hasa magari ya sura ya Lotus Seven, gari ambalo Colin Chapman alilitoa mwaka 1957. Lina viti viwili, magurudumu ya mbele yako nje ya bodi, na halina chochote kisichosaidia mwendo. Enzi hizo gari lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi, ilhali aliyenunua vipuri akajiungia mwenyewe aliiepuka. Waingereza wengi wakanunua gari likiwa kwenye maboksi. Kodi ile iliondoka mwaka 1973 VAT ilipoingia, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuendelea kulitengeneza. Sababu ya kodi ilikwisha, lakini mazoea ya kujijengea yakabaki hadi leo. Wapo wanaonunua seti nzima. Wengine huchomelea chesisi yao kwa mabomba ya pembe nne, kisha huvua injini, giaboksi, difu na habu kutoka kwenye Mazda MX-5 iliyochakaa bodi.

Mengi ninayoyashika ni ya kundi hili la pili, na yana jambo moja la kuzingatia tangu mwanzo. MX-5 ya toleo la kwanza ina uzito unaokaribia tani moja. Gari linalozaliwa kutokana nayo huwa na kilo 550 hadi 650 hivi. Maana yake breki, stiringi na springi zinafanya kazi kwenye gari ambalo hazikutengenezewa, na kila kipimo kinapaswa kutafutwa upya.

Naanza na nati, zote, hata zile ambazo mwenyewe ananihakikishia alizikaza. Kazi nilijifunza eneo la Gerezani, Dar es Salaam, ambako fundi mzuri hujua kwa mkono kama nati imekaa. Mkono huo ninao na ninauheshimu. Ila kwenye mikono ya chini na ya juu ya magurudumu, kwenye kalipa za breki, yaani vibanio vinavyobana diski, na kwenye mikanda ya usalama natumia spana ya kupimia mkazo, halafu napiga mstari wa rangi unaovuka nati na bolti yake. Nati ikilegea, mstari unakatika, na jicho linaliona hilo kwa sekunde moja bila kushika spana. Nati zenye nailoni ndani hazitumiki mara mbili. Ikifunguliwa inatupwa, na ikifungwa ni lazima nyuzi za bolti zichomoze upande wa pili. Kama bolti imeishia ndani ya nailoni, ni fupi. Tafuta ndefu zaidi.

Baada ya hapo ni breki, kabla sijageuza ufunguo wa injini. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko watu wanavyotarajia. Mfumo ni mpya wote: mirija mipya, viungio vipya, masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, iliyokuwa tupu. Upepo umejaa kila kona. Kitu cha kwanza ninachoangalia kwenye kila kalipa ni nipeli ya kutolea upepo iko upande gani. Upepo hupanda juu, kwa hiyo nipeli lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Kalipa nyingi zinaweza kufungwa kulia au kushoto na bolti zikaingia bila shida. Ikifungwa upande usio wake, nipeli huangalia chini, na unaweza kukanyaga pedali siku nzima, mafuta yakatoka safi bila povu, huku funda la upepo limekaa juu ya pistoni halina pa kutokea. Pedali itabaki laini na hutajua kwa nini. Hili halihusu magari ya kujijengea peke yake. Hata kwenye pikapu ya kawaida pale Dar, breki ikiendelea kuwa laini baada ya kubadilisha kalipa, angalia nipeli kwanza kabla hujanunua masta nyingine.

Natoa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali na masta nikija karibu, kwa mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani. Yana tabia nyingine ya kula rangi, hivyo kitambaa chenye maji kiwe karibu muda wote. Pedali ikishakuwa ngumu, nakata kipande cha mbao na kukibana kati ya kiti na pedali ili shinikizo likae usiku kucha. Asubuhi napitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungio. Palipovuja, hata kwa tone lisiloonekana kwa macho, karatasi inaonyesha.

Kuna sharti moja la breki ambalo nalisimamia kabla hata ya mkaguzi kulidai: dereva akikanyaga kwa nguvu, magurudumu ya mbele lazima yagande, yaani yaache kuzunguka, kabla ya ya nyuma. Ya mbele yakiganda, gari linakwenda moja kwa moja na dereva akilegeza pedali analirudisha mkononi. Ya nyuma yakitangulia, mkia unatangulia pua, na kwenye gari fupi na jepesi namna hii dereva hana nafasi ya kulirudisha.

Injini yenyewe nitaipitia haraka. Kwa injini iliyokaa muda mrefu, natoa plagi, nazima pampu ya mafuta, nazungusha kwa staata hadi geji ya oili ipande, ndipo narudisha plagi na kuiwasha. Kinachosumbua zaidi ni maji. Kwenye gari la sura hii rejeta imelala chini puani na injini iko juu yake, hivyo hewa hukwama kwenye silinda hedi. Tangi la ziada la maji liwe juu kuliko kila kitu kwenye mfumo. Najaza taratibu, kisha naacha injini ingurume hadi bomba la chini la rejeta lipate moto na feni iwake yenyewe. Feni ikikataa kuwaka, siendelei na lingine.

Sasa mizani. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Unahitaji sakafu iliyolala sawa, niliyoihakiki kwa pima maji, na mizani minne, mmoja chini ya kila gurudumu. Mwenye gari lazima akae kwenye kiti chake, au niweke mifuko ya mchanga yenye uzito wake, kwa sababu kwenye gari la kilo 560 mtu wa kilo 80 ni sehemu kubwa ya gari. Tuchukue mfano wa gari la usukani wa kulia lenye jumla ya kilo 640 na dereva ndani. Mbele kushoto mizani inasoma 138, mbele kulia 178, nyuma kushoto 170, nyuma kulia 154. Kwa macho gari limesimama vizuri kabisa. Lakini jumlisha kwa mshazari: mbele kulia na nyuma kushoto ni 348, mshazari wa pili ni 292. Gari limesimama kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Ukikanyaga breki, gurudumu la mbele kushoto ambalo halina mzigo litaganda mapema, na kona za kulia na za kushoto hazitafanana.

Dawa iko kwenye ringi za kurekebishia springi kwenye shokapu. Ukipandisha kona moja, unaongeza mzigo kwenye kona hiyo na kwenye ile ya mshazari wake, na unapunguza kwenye mbili zilizobaki. Nashusha kidogo mbele kulia na nyuma kushoto, napandisha kidogo nyingine mbili, nalisukuma gari mbele na nyuma ili springi zikae, nasoma tena. Lile gari la mfano linapaswa kufika 152 na 164 mbele, 156 na 168 nyuma, na hapo kila mshazari una 320. Angalia vizuri: upande wa kulia bado una 332 na wa kushoto 308, vilevile kama mwanzo. Springi haziwezi kuhamisha uzito kutoka kulia kwenda kushoto. Anayetaka kubadilisha hilo ahamishe betri au tangi. Alaimenti nafanya baada ya mizani, kwa nyuzi mbili zilizotandazwa sambamba kando ya gari, kwa kuwa kila ukigusa urefu wa springi, pembe za magurudumu nazo hubadilika.

Hapo ndipo gari liko tayari kwa ukaguzi wa IVA, yaani idhini ya gari mojamoja, uliochukua nafasi ya ukaguzi wa zamani ulioitwa SVA mwaka 2009. Unafanywa na wakaguzi wa DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari, na ni mgumu kuliko ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya kawaida.

Kinachoangusha watu wengi ni kingo. Mkaguzi ana mpira wa kipenyo cha milimita 100, na kila sehemu ya nje ambayo mpira huo unaifikia inapaswa kuwa na mviringo usiopungua milimita 2.5. Ndani nako dashibodi na swichi zinatazamwa kwa jicho hilohilo. Watu hukumbuka madigadi na kusahau klipu ya ekzosi, mabano ya taa za mbele, na vichwa vya bolti kwenye mikono ya magurudumu, ambayo kwenye gari hili iko wazi nje. Wengi hubandika mpira wa kingo na vikofia vya plastiki asubuhi ya ukaguzi, na jioni huvibandua ili gari lirudi kwenye sura wanayoitaka. Mimi sikubaliani na hilo. Nachukua tupa na kuuviringisha mkono wa chuma wenyewe, napitisha kidole, napiga tupa tena, halafu ndipo rangi. Goti la mtembea kwa miguu linaweza kugusa kingo hiyo siku yoyote, na siku hiyo mkaguzi hatakuwepo.

Kisha kuna usukani kurudi wenyewe. Mkaguzi huliendesha gari kwenye duara, huachia usukani, na magurudumu lazima yaelekee kunyooka yenyewe. Gari jepesi puani huwa zito kufanya hivyo. Wapo wanaojaza upepo mwingi kwenye matairi siku hiyo. Ninachofanya kwanza ni kunyanyua pua na kuzungusha usukani kwa kidole kimoja. Ukikwama popote, kuna msuguano, na mara nyingi ni bolijointi iliyobana au beringi ya nguzo ya usukani isiyokaa kwenye mstari. Msuguano ukiisha, naongeza mlalo wa nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ule mafundi tunaouita kasta, hadi nyuzi 5 au 6. Kwa kawaida hapo usukani hurudi.

Mengine ni ya kupimwa tu. Kelele isizidi desibeli 99, kipimo kikiwekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi. Sailensa iliyochakaa pamba ndani huvuka hapo, kwa hiyo nabadilisha pamba mapema. Spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko mwendo halisi. Moshi hupimwa kwa kufuata umri wa injini, kwa hiyo beba ushahidi wa umri huo. Sheria inaruhusu kuliendesha gari kwenda kwenye ukaguzi uliowekewa miadi, mradi lina bima. Mimi nalipakia kwenye trela, maana gari ambalo halijawahi kutembea kilomita 10 silipeleki kwenye barabara kuu.

Likifaulu, cheti na fomu huenda DVLA, wakala wa serikali wa usajili wa magari, kwa ajili ya namba. Weka kila risiti na picha za ujenzi tangu bomba la kwanza lilipokatwa. Asiyeweza kuthibitisha vipuri vilitoka wapi na vina umri gani hupewa namba inayoanza na herufi Q, na hiyo haibadiliki kirahisi baadaye.

Namba ikishafungwa, safari za kwanza ziwe fupi na karibu na nyumbani. Kila ukirudi, zunguka na tochi ukitazama ile mistari ya rangi kwenye nati. Oili ya kwanza imwagwe mapema, na kichujio kikatwe ili kuona kama kina chembe za chuma. Baada ya kilomita 200 au 300 namwita mwenye gari alirudishe, akae tena kwenye kiti, na tulipime upya kwenye mizani, kwa sababu springi mpya hushuka kidogo zikianza kazi na bushi hutafuta nafasi yake. Namba za mizani huwa zimesogea.