Laini ya simu kwanza, mahakama baadaye

Watu wakisikia nafanya kazi nyumba salama hapa Tanga, wanapojificha wanawake waliokimbia kupigwa na waume zao, huniuliza: "Kwa hiyo mnawaambia waachike?" Hapana. Mimi ni msimamizi wa mashauri. Kuna mshauri nasaha, kuna polisi, kuna daktari na msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ni kuwaunganisha ili mama asisimulie upya alivyopigwa kila anapoingia ofisi nyingine. Kuachika au kutoachika anaamua mwenyewe.

Akishaoga, akala, na majeraha yake yakaangaliwa, swali langu la mwanzo huwa la simu: laini yako imesajiliwa kwa jina la nani? Laini siku hizi husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na asiye na namba hiyo mara nyingi husajiliwa na mumewe. Basi mume anaweza kwenda kusema laini imepotea, akarudishiwa, na usiku uleule meseji za mkewe na salio la M-Pesa vikawa mkononi mwake. Halafu naangalia simu yenyewe: imefunguliwa kwa akaunti ya nani, WhatsApp imeunganishwa na kifaa kingine au la. Pesa nazo zina mdomo. Ukitoa kwa wakala, jina la wakala linabaki kwenye meseji. Mji wetu huu si Dar. Taja wakala wa Pongwe au Makorora, bodaboda yeyote anakupeleka hadi mlangoni. Ndiyo maana hata ndugu zangu mwenyewe hawajui nyumba yetu iko mtaa gani, na wameshazoea kunisema kwamba nina siri nyingi.

Penye kubakwa hatusubiri asubuhi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Aliyeumia vibaya anatibiwa kwanza. PF3, fomu ambayo daktari huandika majeraha, inatolewa polisi, na pale kwenye Dawati la Jinsia na Watoto anahojiwa faragha, siyo kaunta mbele ya watu. Fomu hiyo huwa naisoma kabla hatujatoka hospitali. Daktari akiandika tu "amepigwa", namwomba kwa adabu aongeze: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, na makovu ya zamani yapo wapi. Miezi ikipita uvimbe umeshaisha, hakimu atabaki na karatasi hiyo.

Familia haikawii. Wazee tunakutana nao ofisi ya ustawi wa jamii, kamwe siyo kwetu, na iwapo tu mama mwenyewe amekubali. Tukishaamkiana na kuulizana habari za nyumbani, mmoja anaanza: "Mwanangu, mume ni sitara. Kofi la mumeo unalitangaza?" Namjibu, "Mzee wangu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake, hata kama mila inaruhusu." Wengi hushangaa kwamba sheria hiyo ni ya zamani kiasi hicho. Ila nisiwaseme wazee wote. Wapo wajomba waliokwenda wenyewe kwa mume wakarudi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, jambo ambalo barua zetu zilishindwa.

Nchi yetu haina sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani, kwa hiyo tunachukua kipande huku na kipande kule. Anayetaka talaka hupitia baraza la usuluhishi la ndoa, lakini mahakama inaweza kuliruka baraza penye sababu za kipekee. Asiye na cheti cha ndoa asikate tamaa: mkiishi pamoja miaka miwili na watu wakawajua kama mke na mume, sheria inaanza kwa kuwachukulia kuwa mmeoana. Na anayeambiwa "hukuchuma chochote humu", namsimulia kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wengine hunitazama kana kwamba nawatania.

Wapo wanaorudi kwa waume zao. Wafadhili hawapendi kusikia hivyo, wanataka kesi "zilizofungwa". Mimi sigombi, maana mama aliyegombezwa hapigi simu mara ya pili. Tunakaa kupanga: jirani gani akisikia neno fulani atatuma bajaji, watoto wakimbilie kwa nani, nauli ya kufika stendi ya Kange ifichwe wapi (siyo kwenye pochi, pochi ndiyo inapekuliwa kwanza). Kadi za kliniki, vyeti na namba ya NIDA tunatoa kopi, zinakaa kwa mtu ambaye mume hamshuku. Mama mmoja aliniambia zake ziko kwa fundi cherehani wake, ndani ya bahasha, chini ya vitambaa vya wateja. Nikamwambia aziache hukohuko.