Kulipa fidia si kukiri hatia

Hatia ni hali ya mtu aliyethibitishwa kutenda jinai. Dhima ni deni ambalo sheria inamtwika mtu kwa madhara yaliyompata mwenzake. Tofauti ni hiyo tu, na bado tunasikia redioni kwamba kampuni ya mabasi "imekutwa na hatia", kumbe ni kesi ya madai na imeamriwa kulipa.

Maneno yenyewe yanatufundisha tukiyasikiliza. Hatia imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya dhambi na kukosea, ndiyo maana linamchoma mtu moyoni. Dhima nayo ni ya Kiarabu, lakini asili yake ni ahadi na jukumu: kitu kilicho shingoni mwako mpaka ukitimize. Kosa ni letu la Kibantu, na maana yake ya kwanza ni kutokupata ulichokilenga. Mwindaji aliyerusha mkuki ukapita pembeni amekosa, wala hakutenda dhambi. Sheria ya uzembe imejengwa juu ya kosa la namna hii. Haiulizi kama ulikuwa na roho mbaya. Inapima umbali kati ya ulichofanya na kile ambacho mtu mwangalifu angefanya mahali pako.

Mdai anatakiwa aonyeshe kwamba ulikuwa na wajibu wa kumwangalia, hukuutimiza, akaumia, na aliumia kwa sababu hiyo. Inatosha mizani ya ushahidi imwelemee yeye. Kwenye jinai haitoshi: lazima pasibaki shaka ya maana.

Chukua boda iliyomgonga mtu Kampala kwa sababu breki zimelika. Ajali ni moja, ila mafaili yanaweza kuwa mawili: la polisi dhidi ya mwendeshaji, na la madai. Katika lile la pili, tajiri wa pikipiki anaweza kulipa hata kama alikuwa nyumbani amelala, ikiwa mwendeshaji ni mwajiriwa wake na alikuwa kazini. Ana hatia gani? Hana. Dhima anayo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2000 ya fidia kwa wafanyakazi inakwenda mbali zaidi: mwajiri analipa hata kama mfanyakazi mwenyewe ndiye aliyezembea, na kwa ulemavu kamili wa kudumu kiwango ni mapato ya miezi 60.

Nadhani tunachanganya kwa sababu ya mila zetu. Katika mato oput, mila ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda ya kupatanisha koo baada ya mauaji, ukweli husemwa kwanza, ndipo fidia, culo kwor, itolewe, kwa hiyo kulipa na kukiri vimezoea kutembea pamoja. Lakini angalia ni nani anayelipa: ukoo mzima unachangia, ingawa aliyeua ni mmoja. Hakuna anayemwita muuaji shangazi aliyetoa mbuzi.

Mkanganyiko huu unaumiza watu. Dereva anataka kulipia eksirei na dawa, wenzake wa steji wanamshika mkono: "Ukilipa umekubali!" Anarudisha pesa mfukoni, na majeruhi anakaa kwenye benchi la kliniki saa zikipita. Kulipia matibabu peke yake si kukiri. Kinachoweza kukurudia mahakamani ni maneno uliyosema au uliyotia sahihi, hasa ile karatasi inayoandikwa haraka kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa: "Mimi fulani nimekubali kosa langu." Badala yake iandikwe kiasi, tarehe, kilicholipiwa, na kwamba malipo hayo si kukubali kosa. Kisha kila mmoja abaki na nakala.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sema mahakama imeona kwamba kampuni ina dhima, na kwamba mdaiwa atalipa. Mshtakiwa na hatia tuviachie kesi ya jinai. Na yule wa boda anayehesabu noti mbele ya dirisha la kliniki, tusimwite mkosaji bado.