Pasipoti ya Malkia na Wahindi wa Nairobi: yanayosemwa na yaliyotokea

"Uwanja wa ndege hawaangalii rangi, wanaangalia karatasi." Asemaye hivyo angefika Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, Februari 1968. Familia za Kihindi zilijazana pale na masanduku yao, mkononi pasipoti ya Uingereza, jalada la buluu lenye nembo ya ufalme, sawa na ile ya Mzungu wa London. Walikuwa wanakimbizana na sheria. Bunge la Uingereza liliipitisha kwa siku 3, na Machi 1 ikaanza kazi: kuanzia hapo pasipoti pekee haikutosha. Ulitakiwa wewe, mzazi wako, babu yako au bibi yako awe amezaliwa au amepata uraia kulekule Uingereza. Rangi haikutajwa hata mara moja. Lakini Mzungu aliyezaliwa Nakuru, babu alikuwa naye. Mhindi ambaye babu yake alitoka Gujarat angempata wapi?

"Si wangechukua uraia wa Kenya tu?" Hapa pana ukweli nusu. Baada ya uhuru, 1963, walipewa miaka 2 ya kujiandikisha, na wengi hawakujiandikisha. Wapo lakini walioomba, faili zao zikakaa ofisini bila jibu. Kisha zikaja sheria za 1967: asiye raia hafanyi kazi bila kibali, wala hafanyi biashara bila leseni, na leseni hiyo ingeweza kukataliwa. Mtu aliyezaliwa River Road, Nairobi, akajikuta mgeni kotekote. Na sisi Waafrika tuseme kweli: wapo miongoni mwetu waliofurahia kuwaona wakifunga virago.

"Wale wa Uganda, Uingereza iliwapokea kwa mikono miwili." Idi Amin aliwapa siku 90 mwaka 1972, na takriban watu 28,000 walipokelewa Uingereza. Wako Waingereza waliowangoja uwanjani na makoti na chai ya moto, nao wanastahili shukrani. Ila halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi wasiende Leicester. Maelfu walienda hivyohivyo.

Desemba 1973, Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba sheria ya 1968 iliwadhalilisha watu hawa kwa sababu ya rangi yao. Kufikia siku hiyo, wapo waliokwisha kurushwa kama mpira kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine, pasipoti halali mfukoni.