Mngurumo wa saksafoni: sauti ya King Curtis inatoka wapi

Ukisikiliza "Respect" ya Aretha Franklin, ile ya 1967, kuna mahali mwimbaji anapumzika na saksafoni inaingia. Ni ya teno, teno ile ile ya kwaya. Sauti yake nene, ina mkwaruzo kama wa mtu aliyeshinda uwanja wa mpira akishangilia, lakini bado inaimba. Mpigaji ni King Curtis. Jina lake hasa ni Curtis Ousley, mzaliwa wa Fort Worth, Texas, mwaka 1934. Mkwaruzo huo, unapozidi, ndio wanamuziki wanauita mngurumo, na wengi wanaotaka kuuiga huanzia mahali usipopatikana, yaani dukani.

Nami nilianzia huko huko. Nilinunua kipande cha mdomoni cha chuma, chenye uwazi mpana, kwa kuwa nilisikia wapigaji wa soul walivipenda. Kweli, kipande cha namna hiyo hutoa sauti kali inayokata katikati ya gitaa na ngoma. Ila hakingurumi. Nilichopata ni kelele zaidi, na jirani aliyeanza kugonga ukuta.

Mngurumo ni sauti mbili ndani ya bomba moja. Ya kwanza ni ya saksafoni yenyewe: unapuliza, ridi, yaani kile kibao chembamba cha tete, inatetemeka, na hewa iliyomo ndani inatoa noti. Ya pili ni ya koo lako. Unapopuliza, unaimba pia, au tuseme unaguna, midomo ikiwa imefumba kwenye ala. Pumzi inafika kwenye ridi ikiwa tayari inatikiswa na koo, na sauti hizo mbili zinagombana.

Ugomvi huo una hesabu yake. Shika G ya katikati, vidole 3 vya mkono wa kushoto. Kwenye teno noti hiyo husikika kama F ya piano iliyo chini ya C ya kati, yaani mitetemo kama 175 kwa sekunde. Sasa guna A iliyo juu yake kidogo, mitetemo 220. Tofauti ni 45, na sikio linaisikia tofauti hiyo kama mkwaruzo: ni ya haraka mno kuhesabika kama mapigo, na ya chini mno kuwa noti safi inayojisimamia. Guna noti ile ile ya saksafoni, na mkwaruzo karibu wote unayeyuka. Kwa hiyo mwenye sikio zuri la kwaya hupata tabu hapa, maana amezoea kuifuata noti anayoisikia, na hapa inabidi akatae kuifuata.

Mara ya kwanza sauti itakatika. Koo likianza kuguna hujibana, pumzi inapungua, ridi inanyamaza. Dawa niliyoiona inafaa ni kuanza na noti ndefu iliyo safi, isimame imara, ndipo uchomekee mguno taratibu, kama "uuu" ya mtu anayeitikia akiwa chumba cha pili. Isihame midomo, wala usiume ridi. Ikikatika, rudi kwenye noti safi. Kwangu ilichukua wiki kadhaa kabla mguno na noti havijaacha kuuana.

Lakini anayenguruma tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo hamwigi King Curtis, anaiga injini ya lori. Mngurumo una nguvu unapokuja juu ya kilele cha sentensi, baada ya noti zilizo safi kabisa. Na nusu ya utambulisho wa King Curtis haimo kooni, imo kwenye ulimi. Sikiliza "Yakety Yak" ya kundi la The Coasters, ya 1958, ambamo saksafoni ni yake: noti fupi fupi, zimekatwa kwa ncha ya ulimi inayogusa ridi na kuondoka, zinarukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Solo hiyo ndiyo iliyomchochea mpiga saksafoni Boots Randolph kutengeneza "Yakety Sax" yake, muziki ambao watazamaji wa vichekesho vya Benny Hill waliujua kwenye vile vipande vya watu kufukuzana. Mkwaruzo kwenye solo ya The Coasters ni kidogo tu. Ukiupata ulimi bila mngurumo, watu watamtambua unayemwiga. Ukiupata mngurumo bila ulimi, sidhani.

King Curtis aliuawa kwa kuchomwa kisu New York, Agosti 1971, akiwa na miaka 37. Mwaka huo huo alikuwa amepiga kwenye albamu ya John Lennon, "Imagine". Kwa anayejifunza, mimi ningemwelekeza kwanza kwenye "Memphis Soul Stew" ya 1967, ambamo anaita ala moja moja kama mpishi anayesoma viungo: nusu kikombe cha besi, kisha ngoma, magitaa, kinanda kidogo tu cha kubana kwa vidole. Saksafoni yake mwenyewe ameiweka mwisho kabisa, nusu painti.