HKL na HGL si tiketi ya ualimu pekee

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: mtoto akichagua tahasusi (mchepuo wa masomo matatu) ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, au HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, akasoma fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na sita, mwisho wake ni ualimu tu.

Si kweli. Ualimu ni kazi ya heshima, lakini tahasusi hizi hufungua pia sheria, uandishi wa habari, isimu na tafsiri. Udaktari haumo, hilo ni sahihi. Hata somo lenyewe la Kiingereza si hadithi tupu: mtihani wa kidato cha sita una karatasi mbili, ya lugha na ya fasihi.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua mwongozo wa udahili wa vyuo vikuu wa mwaka huu, tafuta kozi, soma masomo inayodai na alama zake. Nadhani watu huchanganyikiwa kwa sababu mhitimu wa HKL wanayemfahamu zaidi ni mwalimu wao wa sekondari.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kuna binti anayependa tamthilia na ushairi, na mzazi wake anausoma usiku huu kabla ya kujaza fomu.