Kwa nini antivirusi haifuti faili lenye virusi papo hapo?

Je, wajua kwamba antivirusi ikikuambia imeondoa virusi, mara nyingi faili lenyewe bado limo ndani ya kompyuta yako? Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akitoka kuprinti utafiti wake steshenari, anachomeka flashi kwenye laptopu, onyo linatokea na Sura ya Tatu haionekani tena. Wengi hapo huangua kilio, na kumbe faili limewekwa karantini tu, yaani limetengwa mahali pa peke yake lisidhuru.

Antivirusi hufanya kazi kwa kushuku. Hulinganisha faili na alama za virusi vinavyojulikana, na hutazama mwenendo wake. Njia zote mbili huweza kukosea. Ndiyo maana mtuhumiwa hupelekwa mahabusu kwanza, hanyongwi. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la antivirusi ya McAfee lililiona svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa ni virusi. Kompyuta nyingi duniani zikawa zinazima na kuwaka zenyewe bila kukoma, na dawa ikawa kulirudisha faili hilo mahali pake.

Kuna pia virusi vinavyojipachika ndani ya faili zuri, kama Melissa ya mwaka 1999 iliyosafiri kwenye nyaraka za Word. Kukikata kirusi cha namna hiyo ni kazi nyeti, maana waraka wenyewe unaweza kuharibika. Kwa hiyo baadhi ya antivirusi huhifadhi nakala kabla ya kugusa chochote.

Kwenye karantini, yaliyomo katika faili huvurugwa kwa fumbo na jina hubadilishwa, mara nyingi likawa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Hata ukilibofya halifunguki, hivyo kirusi hakina pa kuanzia. Pembeni huandikwa lilikotoka, tarehe, na kirusi kilichoshukiwa. Ukiagiza lirejeshwe, fumbo hufumbuliwa na faili hurudi kwenye folda yake.

Usirejeshe kwa pupa, lakini. Kitu chenye picha ya folda huku jina lake likiishia na .exe, yaani ni programu iliyojifanya folda, kiache hukohuko. Na flashi ikionyesha shotikati (njia za mkato) tu badala ya mafaili yako, tafadhali usiifomati: mara nyingi kirusi kimeyaficha tu. Safisha flashi kwanza, kisha iamuru Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa. Utafiti ukionekana, unakili mahali pengine siku hiyohiyo, kwa sababu antivirusi nyingi huifuta karantini yenyewe baada ya muda.