RMS ndogo haitoshi: dhana potofu kuhusu kuongoza darubini chini ya anga la Lubumbashi

Sisi tunaopiga picha za nebula na galaksi hapa Lubumbashi, kiangazi kizima tunaulizana: RMS yako ni ngapi? Namba hiyo hueleza kitako kinachozungusha darubini kinayumba kiasi gani kinapofuata nyota ya kuongozea, yaani nyota ambayo kamera ya kidarubini cha pembeni huitazama ili programu isahihishe mwendo wa kitako. Hupimwa kwa sekunde za tao. Digrii moja ina sekunde 3600. Inafaa sana, ila imezungukwa na imani zinazofanya watu wanunue vitako vipya bila sababu.

Dhana: lazima RMS ishuke chini ya 0.5

Inategemea unapigia nini. Chukua ukubwa wa pikseli kwa mikromita, zidisha kwa 206, gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Kamera ya pikseli 3.76 kwenye lenzi ya milimita 400 inapata sekunde 1.9 hivi kwa kila pikseli. Hapo RMS ya 0.8 haifiki hata nusu pikseli, na nyota zitatoka safi. Kamera hiyohiyo kwenye darubini ya milimita 1000 inapata 0.78, na RMS ileile sasa ni pikseli nzima. Tena usiku ambao hewa yenyewe inatanua nyota hadi sekunde 3, kuhangaikia 0.4 ni kujichosha bure.

Dhana: namba ya kwenye skrini haidanganyi

PHD2, programu ya bure ya kuongozea inayotumiwa na wengi, hukokotoa sekunde kwa kutumia urefu wa fokasi uliouandika wewe. Andika 240 wakati kidarubini cha kuongozea ni cha milimita 120, na RMS ya 1.2 itasomeka 0.6. Mahali unapolenga pia pana neno. Kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani iliyo digrii 69 kusini mwa ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), kosa la mhimili wa mashariki–magharibi huonekana kama theluthi moja tu ya lilivyo kweli. Ukitaka kukijua kitako chako, kipime karibu na ikweta ya anga, tuseme jirani na Altair usiku wa Julai.

Dhana: kuongoza kunafuta kosa la kulenga ncha ya anga

Hili ndilo linalotuharibia picha nyingi zaidi. Mhimili wa kitako lazima uelekee ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Ncha ya kusini ya anga kwetu iko digrii 12 tu juu ya upeo, kwa kuwa kimo chake ni sawa na latitudo ya mahali. Polaris ya watu wa kaskazini haionekani huku. Sigma Octantis, iliyo karibu na ncha yetu, ni hafifu, mng'ao wa 5.4 (namba ikizidi, nyota hufifia), na moshi wa nyasi zinazochomwa kiangazi huimeza huko chini. Basi mtu anaweka dira ya simu, anaona yatosha, mengine anaiachia programu. Nyota ya kuongozea itatulia kweli, lakini picha nzima itakuwa inaizunguka polepole, na nyota za pembeni zitageuka vistari. RMS haitasema kitu.

Dawa ipo na haina gharama. Tazama nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inapopita juu kabisa: ikiteleza kaskazini au kusini, sogeza kitako kushoto au kulia. Kisha chagua nyingine iliyo chini mashariki, urekebishe kimo. Zipo pia programu zinazofanya hesabu hiyo kwa picha tatu za sehemu yoyote ya anga.

Jambo jingine la latitudo yetu: mhimili ukilala hivyo, fimbo ya uzito inaweza kugonga mguu wa stendi. Ijaribu mchana, mzunguko mzima. Ikigusa, bomba fupi kati ya stendi na kitako linamaliza tatizo.

Dhana: kusahihisha harakaharaka ni bora

Kwa vitako vya gia za kawaida, hapana. Ukiitazama nyota ya kuongozea kwa picha za nusu sekunde (za saa, si za tao), kitako kinakimbizana na kila mtikisiko wa hewa. Picha za sekunde 2 hadi 4 zinausawazisha mtikisiko huo. Vitako vya gia za hamoniki ndivyo vinavyohitaji haraka, sekunde 1 au pungufu.

Dhana: nyota za mviringo ni ushahidi wa kuongoza vizuri

Mihimili yote miwili ikiyumba sawasawa, nyota hubaki mviringo, ila zimenenepa. Na zikirefuka huku RMS ni nzuri, usikimbilie kulaumu gia. Panga picha zako kwa saa: nyota zikihama upande uleule kutoka picha hadi picha, kidarubini cha kuongozea kinalegea kwenye kishikio chake. Kaza skrubu, funga nyaya zisining'inie, kisha upime tena.